Karakana ya pamoja chuoni: tumkabidhi nani ufunguo?

Wanafunzi na wafanyakazi wa chuo wakipewa chumba kitupu na ahadi ya bajeti ndogo, mazungumzo huanzia kwenye mashine. Mmoja anataka printa ya 3D. Mwingine anataka mashine ya kukata kwa leza. Wa tatu anakumbusha kwamba cherehani nayo ni mashine. Orodha inaandikwa, inapelekwa kwa wahusika, na baada ya muda mashine zinafika. Mwaka mmoja baadaye ukipita hapo jioni unakuta taa zimezimwa, mashine zimefunikwa, na mlangoni imebandikwa karatasi inayosema umwone fulani, ambaye ameshaondoka.

Nimekaa katika vikao vya aina hiyo zaidi ya mara moja, na siku hizi nikialikwa huomba orodha ya mashine iwekwe kando kwanza. Swali linalotangulia ni la ufunguo: nani atakaa nao, atafungua saa ngapi, na atamfungulia nani. Mashine ileile ya leza inaweza kuhudumia chuo kizima ikiwa chini ya mwenyeji mmoja, na ikahudumia watu kumi tu ikiwa chini ya mwingine. Ndiyo maana katika ulinganisho huu ninawaweka wenyeji sambamba, na mashine zinafuata nyuma yao.

Karakana ya pamoja ninayoizungumzia ni chumba chenye zana ambamo mtu yeyote wa jumuiya ya chuo anaweza kuingia, akafundishwa, akatengeneza kitu chake kwa mikono yake. Ninaposema yeyote namaanisha mwanafunzi wa sheria, mhadhiri wa kemia, katibu muhtasi, mlinzi, dereva na mtunza bustani. Maneno "wanafunzi na wafanyakazi" huandikwa kirahisi kwenye mapendekezo ya mradi, kisha mfanyakazi anayefikiriwa anakuwa mhadhiri peke yake. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndiko mipango mingi inakovujia.

Wenyeji watano

Wa kwanza ni maktaba. Mwaka 2012 maktaba ya DeLaMare katika Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, nchini Marekani, ilikuwa miongoni mwa maktaba za kwanza za vyuo kuweka printa za 3D kwa watumiaji wake wote, wawe wanasoma uhandisi au fasihi. Nguvu ya maktaba iko hapo: ndilo jengo la chuo ambalo hakuna fani inayoweza kudai ni lake.

Wa pili ni kitivo cha uhandisi au idara ya ufundi. Hawa walikuwa na karakana miongo mingi kabla neno la ubunifu halijawa fasheni. Wana mashine za kukerezea chuma, keekee za kusimama, vyumba vya kuchomelea, na mafundi sanifu ambao wakisikia tu mlio wa mashine wanajua beringi imeanza kuchoka.

Wa tatu ni wanafunzi wenyewe. Mfano unaotajwa sana ni Invention Studio ya Georgia Tech, chuo cha teknolojia cha Marekani, iliyoanza mwaka 2009. Imekaa ndani ya uhandisi mitambo, lakini wanaoiendesha ni wanafunzi wa kujitolea. Kila mmoja anashika zamu ya saa chache kwa wiki, akisimamia na kufundisha, na shukrani anayopata ni ruhusa ya kuingia saa zote.

Wa nne ni chama cha wanachama, yaani karakana yenye msimamizi wake na ada yake, isiyo chini ya somo lolote. MIT, chuo kingine cha teknolojia cha Marekani, wanayo ya namna hii, Hobby Shop, tangu miaka ya 1930: mbao na chuma, wanafunzi na wafanyakazi benchi moja, kila mmoja na kazi yake binafsi.

Wa tano ni kampuni ya nje inayokodiwa kuendesha karakana kwa ajili ya chuo. Huyu nitamalizana naye hapahapa. TechShop ilianza Menlo Park, California, mwaka 2006, ikapanuka hadi miji kadhaa, na tawi lake la Chandler lilikuwa la ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Novemba 2017 kampuni ilifunga matawi yake yote ya Marekani kwa mkupuo mmoja na kutangaza kufilisika. Wanachama waliamka asubuhi wakakuta milango imefungwa. Kampuni inaweza kuleta mashine nzuri na utaratibu safi, lakini siku ikianguka chuo kinabaki na chumba, bila fundi wala mazoea ya kujiendesha. Ikiwa hakuna njia nyingine, mkataba useme wazi mashine zinabaki mali ya nani. Kwa waliobaki wanne kuna mengi zaidi ya kupima.

Saa za mlango

Chukua karatasi uandike saa ambazo watu wa chuo chako wako huru. Mwanafunzi ana nafasi jioni, usiku na mwisho wa juma. Mfanyakazi wa ofisi ana nafasi wakati wa mapumziko ya mchana, na pengine saa moja baada ya kazi kabla hajaondoka. Mfanya usafi aliyeingia alfajiri anamaliza adhuhuri. Mlinzi wa zamu ya usiku ana asubuhi, kama hajalala. Sasa weka pembeni saa za kila mwenyeji uone zinakutana wapi.

Karakana ya kitivo hufungua asubuhi na kufunga alasiri, kwa kuwa hizo ndizo saa za mwajiriwa wake. Katikati ya siku kuna vipindi vya vitendo, na wakati huo asiye na kipindi haingii. Yaani inakuwa wazi pale ambapo mwanafunzi yuko darasani na mfanyakazi yuko kazini. Haijafanywa kwa ubaya; ilijengwa kwa ajili ya mtaala na inautumikia mtaala vizuri. Ila ukiiita karakana ya jamii bila kubadilisha saa zake, umebadilisha kibao tu.

Maktaba ina saa ndefu kuliko wote. Hapa kuna mtego mmoja ambao lazima uuulizie mapema: saa za jengo na saa za kona ya mashine ni vitu viwili. Jengo linaweza kuwa wazi hadi usiku wa manane huku kona ya mashine ikifungwa saa kumi na moja jioni, kwa sababu mkutubi wa zamu ya usiku hajafundishwa kuwasha hata printa. Ukisikia "maktaba inafungwa saa sita usiku," uliza sentensi ya pili.

Karakana ya wanafunzi huchangamka jioni, na uchangamfu huo hauna mfano. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamkuta wa mwaka wa tatu akihangaika na gia, anasimama kutazama, dakika kumi baadaye ameshashika koleo. Tatizo lake ni kalenda. Wiki za mitihani wenye zamu wanapotea, na likizo ndefu mlango unafungwa kabisa. Na likizo ndefu ndiyo msimu wa mfanyakazi! Ndipo ofisi zinapotulia, ndipo mpishi wa kantini na fundi bomba wa chuo wanapopata mchana mzima. Nimewahi kuona karakana nzuri ya wanafunzi ikikaa giza miezi miwili mfululizo, na wafanyakazi wakiipita kila siku wakijua hasa ndani kuna nini.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: weka wafanyakazi watatu au wanne kwenye orodha ya zamu za kujitolea. Si kama wakubwa wa kusimamia wanafunzi, ila kama wenzao wa zamu, kwa masharti yaleyale na haki ileile ya kuingia. Wanafunzi wanashika muhula, wafanyakazi wanashika likizo. Sharti la mpango huu ni kwamba mkuu wa idara ya mfanyakazi akubali, na akubali kwa maandishi.

Chama cha wanachama kinafanya vizuri zaidi kwa wafanyakazi, kwa sababu msimamizi wake hana vipindi vya kulinda na anaweza kupanga jioni mbili au tatu za kudumu. Kinachompa shida ni ada, nami nitaifikia.

Nani anajisikia amealikwa

Kanuni iliyobandikwa ukutani inaweza kusema kila mtu anakaribishwa, na bado watu wakajua kwamba hawasemwi wao. Mtu asiye mhandisi akiingia karakana ya kitivo, swali la kwanza analokutana nalo ni "unatoka idara gani?" Huenda limeulizwa kwa nia njema kabisa. Yeye amelisikia kama kizuizi, na harudi tena.

Kwa kipimo hiki maktaba inawashinda wote, na simwoni wa kuikaribia. Watu wote wa chuo wameshawahi kuingia maktaba, angalau kupumzika. Cherehani mbili karibu na mlango zinafanya kazi ambayo hakuna bango litaifanya: zinamwambia anayepita kwamba hapa panatengenezwa vitu vya kawaida pia, na kwamba ujuzi alio nao tayari una nafasi. Mara nyingi mfanyakazi anayeonekana mgeni mbele ya printa ya 3D ndiye mwalimu mkubwa mbele ya cherehani au randa. Karakana ikiwa na zana za aina zote mbili, anayefundisha na anayefundishwa hubadilishana viti, na hapo ndipo neno "pamoja" linapata maana.

Mtandao wa Fab Lab, uliochipuka MIT katika kituo cha Neil Gershenfeld, umelichukulia suala hili kama sharti: karakana yenye jina hilo inatakiwa iwe wazi kwa umma angalau sehemu ya kila wiki, bure au kwa kubadilishana huduma. Hata kama hutajiunga na mtandao wowote, iga sharti hilo. Andika siku na saa ambazo kila mtu wa chuo anaingia bila miadi, kisha usizifute hata ukibanwa.

Mashine zipi, na kwa nani

Sasa tunaweza kuigusa ile orodha.

Printa ya 3D ndiyo inayoombwa kwanza siku zote. Iliingia vyuoni kwa wingi baada ya mradi wa RepRap, ulioanzishwa na Adrian Bowyer katika Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005, kusambaza bure michoro ya printa inayoweza kutengeneza baadhi ya sehemu zake yenyewe, na baada ya hataza kuu (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mfumo wa kuyeyusha uzi wa plastiki kwisha muda mwaka 2009. Ni mashine tulivu na haina makali. Kwa maktaba inafaa sana, hasa ikitumia plastiki ya PLA, inayochapishwa kwenye nyuzi joto kama 200 na yenye harufu ndogo. Plastiki ya ABS inahitaji joto zaidi na hutoa mvuke usiofaa kuvutwa kwenye chumba cha kusomea. Printa za rezini, zinazogandisha kimiminika kwa mwanga badala ya kuyeyusha uzi, sizishauri kabisa maktabani. Rezini ambayo haijakauka inawasha ngozi, na mzio ukishaanza hauishi.

Tatizo la printa ni muda. Kitu cha ukubwa wa kiganja, kwa tabaka za milimita 0.2, kinachukua saa kadhaa. Katika siku moja printa inahudumia watu wawili au watatu. Foleni ikirefuka, maktaba inafanya jambo linaloeleweka: inapokea mafaili, inachapisha usiku, na mwenye kazi anakuja kuchukua kitu chake kwenye bahasha. Kuanzia siku hiyo si karakana tena. Ni huduma ya uchapishaji, ambayo ni nzuri kwa namna yake, lakini hakuna aliyejifunza kusawazisha sahani ya printa wala kuona kwa nini tabaka la kwanza lilibanduka.

Mashine ya leza ni kinyume chake. Kisanduku cha plaiwudi kinakatwa kwa dakika chache, kinaunganishwa palepale, na mtu anayefuata anaingia. Kwa jamii kubwa, leza moja inagusa watu wengi kuliko safu ya printa. Gharama yake ni hewa na macho. Inahitaji bomba la kutoa moshi nje ya jengo, na inahitaji mtu aliyesimama mbele yake muda wote inapokata, kwa sababu mbao na akriliki hushika moto. Maktaba nyingi hukwama kwenye bomba. Kama chumba unachopewa hakina ukuta wa nje, litatue hilo kabla hujaandika neno leza popote.

Mashine za vumbi, yaani misumeno ya umeme, randa za umeme na mashine za msasa, ziende kwenye kitivo au chama. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na linapotanda hewani linaweza kulipuka. Linataka kifyonzaji chake, tena mbali na vitabu na kompyuta.

Mashine ya kukerezea chuma usiinunue mara ya pili kama kitivo tayari kinayo. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ndiyo fedha inayopotea zaidi: mashine nzito, isiyo na fundi, kwenye chumba ambacho sakafu yake haikujengwa kwa uzito ule. Zungumza na kitivo kifungue jioni mbili kwa wiki.

Zana za mkono zinapitwa haraka katika mipango, na kwa kweli hizo ndizo hutumika kila siku: bisibisi, tupa, patasi, jiliwa, pasi za kulehemu saketi, mita ya umeme. Ziwe nyingi, ziwe nzuri, na kila moja ichorewe umbo lake ubaoni ili ikikosekana ionekane.

Usalama

Aprili 2011, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanafunzi aliyekuwa karibu kuhitimu alifariki usiku kwenye karakana ya maabara ya kemia baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukerezea. Alikuwa peke yake. Kila anayepanga karakana ya chuo anapaswa kulijua tukio hili, na kulikumbuka hasa anapovutiwa na maneno "wazi saa zote."

Kuwa wazi saa zote kunawezekana kwa baadhi ya mashine tu. Mimi huzigawa hivi: zile ambazo mtu anaweza kutumia peke yake, kama printa, cherehani na benchi la kulehemu, zile zinazohitaji mtu wa pili chumbani, kama leza, na zile zinazohitaji mtu wa pili aliyefunzwa mashine hiyohiyo, yaani kila kinachozunguka kwa nguvu na kila chenye meno. Kundi la mwisho liwe na swichi yenye kufuli lake, tofauti na kufuli la mlango.

Wenyeji wanatofautiana sana hapa. Kitivo kiko mbele, kwa sababu fundi sanifu ameshaona ajali na hana haja ya kufurahisha mtu. Atakutoa nje ukiingia na kandambili. Anajua pia mambo ambayo kwa mgeni yanaonekana kinyume, kama vile kwamba glavu, zinazokinga mkono kwenye kuchomelea, ni hatari kubwa kwenye mashine inayozunguka, kwa kuwa zikinaswa zinavuta mkono wote.

Wanafunzi hufundishana kwa upendo na kwa lugha inayoeleweka, lakini kosa nalo linafundishwa kwa upendo uleule. Mahali fulani nilikuta karatasi ya mkono pembeni ya leza, imeorodhesha malighafi zinazoruhusiwa, na mojawapo ilikuwa "plastiki nyeupe." Plastiki nyeupe ile ilikuwa PVC, ile ya mabomba ya maji. PVC ikipigwa leza hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayounguza mapafu na kutia kutu vyuma vya mashine yenyewe. Aliyeandika alishahitimu, na waliomfuata waliamini karatasi. Karatasi za namna hiyo lazima zipitiwe na mtu mzoefu kila muhula, na ziwe na tarehe na saini.

Maktaba iko salama kwa sababu mashine zake hazing'ati, na wasiwasi wangu ni mdogo. Chama kinategemea msimamizi wake: akiwa mkali, ndiyo mahali salama kuliko pote, maana wanachama wanakaa miaka mingi na wanakomaa.

Fedha

Mashine hununuliwa mara moja. Baada ya hapo kuna uzi wa plastiki, mbao, sindano, misumeno inayoisha makali, mirija ya leza inayochoka, na kuna mshahara. Wafadhili hupenda mashine, kwa sababu mashine hupigwa picha. Wachache sana hulipa mshahara. Ndiyo maana kama bajeti ya watu ni sifuri, ninashauri nusu ya orodha ya mashine ifutwe na fedha yake imlipe fundi mmoja kwa mwaka mzima.

Maktaba ina kifungu cha bajeti cha kila mwaka, na hilo ni tulizo kubwa. Kitivo nacho kina kifungu, lakini masomo yatakula kwanza, na wageni watabaki na kilichosalia. Wanafunzi wana michango na wadhamini, ambao huja na kuondoka pamoja na viongozi wa chama chao.

Ada ya chama inatatua mengi na inaharibu kimoja. Inamfungia nje mfanyakazi wa mshahara mdogo, ambaye ndiye tuliyemwahidi tangu mwanzo. Tiba ninayoiamini ni kukubali saa za kazi badala ya ada: kunoa patasi, kusafisha kifyonzaji, kushika zamu ya mlango. Iwe haki ya kila mwanachama, tajiri na maskini, ili anayeitumia asionekane anasaidiwa.

Ujuzi unaobaki

Mwanafunzi aliyejua kupanga vioo vya leza anahitimu mwezi fulani, na kuanzia mwezi unaofuata leza inakata upande mmoja tu wa meza. Kila karakana ya wanafunzi imepitia hilo. Kwenye kitivo ujuzi unadumu zaidi, ila umekaa kichwani mwa mtu mmoja, naye ana tarehe ya kustaafu.

Kuna kitu kidogo kinachosaidia kote: daftari linaloning'inia kwenye kila mashine. Tarehe, kilichoharibika, kilichofanyika, aliyefanya. Daftari la karatasi, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mifumo ya kompyuta ni mizuri, lakini mtu mwenye mikono ya mafuta hafungui kompyuta. Baada ya miaka mitatu daftari hilo linakuwa mwalimu mwenye subira kuliko wote chumbani.

Jambo la hataza na umiliki nalitaja kwa ufupi. Vyuo vingi vina sera tofauti kwa mwanafunzi na kwa mwajiriwa, na mfanyakazi anaweza kujikuta amebuni kitu ambacho mwajiri anakidai. Omba sentensi moja ya maandishi kutoka kwa mwanasheria wa chuo, inayosema kazi binafsi iliyofanywa nje ya saa za ajira ni ya nani, kisha ibandike mlangoni.

Ningechagua nini

Kwa chuo kidogo kisicho na uhandisi, sina shaka: maktaba. Printa mbili, cherehani, benchi la kulehemu, zana za mkono kwa wingi, na chumba cha pembeni chenye dirisha kwa ajili ya leza siku fedha ikipatikana. Mkutubi mmoja apewe kazi hiyo rasmi, isiwe nyongeza juu ya kazi yake nyingine.

Kwa chuo chenye karakana kubwa ya kitivo, usijenge mpya yenye mashine zilezile. Tenga mashine nyepesi ziende mahali penye mlango mpana, na kwa zile nzito tengeneza kibali: mtu anapita mafunzo, anapimwa na fundi sanifu, anapata kadi, anaingia jioni zilizopangwa. Mafundi sanifu walipwe saa hizo za ziada. Nimeona mipango ikifa kwa sababu waliombwa wajitolee na watu ambao wao wenyewe walikuwa wanalipwa.

Pale ambapo wanafunzi wameshaanza, wanachapisha vitu mabwenini na kukopeshana nyundo, wape chumba haraka, kabla kizazi hicho hakijahitimu. Usiwachukulie uongozi. Waongezee fundi mmoja wa kuajiriwa, anayebaki wanapoondoka, na wale wafanyakazi watatu au wanne wa zamu za likizo. Nikiulizwa mpango mmoja tu kati ya yote, ni huu: wanafunzi wanaendesha, fundi mmoja analipwa, na fedha inapita maktaba au ofisi nyingine isiyo ya kitivo chochote.

Vyuo vikubwa vyenye uwezo vinaweza kufikiria jengo zima, kama think[box] ya Case Western Reserve huko Cleveland, yenye ghorofa saba na milango iliyo wazi hata kwa watu wasio wa chuo. Kinachofaa kuigwa hapo hata na mwenye chumba kimoja ni mpangilio: chini kabisa pana mahali pa kukaa na kuzungumza, na mashine zinaanza juu zaidi. Mgeni hakutani na msumeno kabla hajakutana na mtu.

Ukitaka kupima karakana iliyopo tayari kabla hujajiunga au hujaiiga, nenda mara mbili. Mara ya kwanza nenda saa kumi na mbili jioni ya wiki ya mitihani, mara ya pili asubuhi katikati ya likizo ndefu. Ukikuta mlango wazi, mtafute aliyeshika kazi, umuulize nani alimfundisha. Kisha uliza kama kuna mtu asiye mwanafunzi wala mhadhiri ambaye ana kadi ya kuingia, na ikiwezekana uonyeshwe kitu alichokitengeneza.